Kuomba MCA India ukiwa Malindi au Lamu: tathmini ya mitihani, tovuti na mawakala

Mwenye pasipoti ya Kenya akiuziwa kifurushi cha maandalizi ya NIMCET ameuziwa mbuzi kwenye gunia. NIMCET ndio mtihani wa kuingilia MCA (shahada ya uzamili ya matumizi ya kompyuta) katika vyuo vya NIT, yaani vyuo vya teknolojia vya taifa la India, kama vile Tiruchirappalli, Surathkal na Warangal. Ni mtihani mzuri na vyuo vyenyewe vina jina, lakini masharti yake yanasema wazi kwamba wanaoruhusiwa kuomba ni raia wa India tu. Wakala anayekutajia NIT kabla hajakuuliza uraia wako hajasoma masharti hayo, au ameyasoma akanyamaza. Kwa Mkenya, NIMCET inapata sifuri kwa tano, na kosa si la mtihani.

Karatasi zake za miaka iliyopita, hata hivyo, zipakue. Ni bure, na hakuna kipimo kizuri kuliko hicho cha kujua kama utayamudu masomo. Maswali ni 120 kwa saa mbili: 50 ya hesabu, 40 ya mantiki na uchambuzi, 20 ya kompyuta na 10 ya Kiingereza. Jumla ni alama 1,000, na hesabu peke yake ina 600, kwa kuwa kila jibu sahihi la hesabu lina alama 12 na kila kosa hukata 3. Aliyetoka KCSE atakwama kwenye parabola, duaradufu na hiperbola, maana sekondari ya Kenya huishia kwenye mlinganyo wa duara. Kalkulasi nayo tunaigusa juujuu. Halafu kuna imani kwamba palipo na kukatwa alama ni marufuku kubahatisha. Piga hesabu: jibu maswali manne ya hesabu kwa kubahatisha, kila moja likiwa na majibu manne ya kuchagua. Kwa wastani utapata moja na kukosa matatu, yaani 12 ondoa 9, yabaki 3. Faida ni ndogo lakini ipo, na ukiweza kufuta jibu moja lililo wazi kuwa si sahihi, inakua.

CUET-PG, mtihani wa NTA (shirika la mitihani la serikali ya India) kwa vyuo vikuu vya serikali kuu na vinginevyo, tunaupa mbili kwa tano. Karatasi ya MCA ni SCQP09, na mwaka 2025 ilikuwa na maswali 75 kwa dakika 90. Jibu sahihi lina alama 4, na kosa hukata 1. Shida ni kwamba watu wengi wa kwetu huulipia bila haja. Chuo Kikuu cha Delhi, kwa mfano, huwapokea wageni kupitia ofisi yake ya usajili wa wanafunzi wa kigeni, kwa kuangalia matokeo ya shahada na bila CUET. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa wanafunzi wa kimataifa wa chuo unachokitaka, uone kama mtihani unadaiwa kwa raia wa nje. Mitihani ya majimbo, kama MAH-MCA-CET ya Maharashtra au ICET ya Telangana na Andhra Pradesh, imetungwa kwa ajili ya watu wa huko, na mtu wa Lamu hana sababu ya kuanzia hapo.

Mlango wenyewe ni Study in India, tovuti ya serikali ya India iliyoanzishwa mwaka 2018. Nne kwa tano. Vyuo vya India vina nafasi za ziada kwa wageni, na tangu 2022 tume ya vyuo vikuu, UGC, inaruhusu zifike hadi asilimia 25 juu ya nafasi za kawaida. Kwa hiyo hushindani na wale maelfu wa NIMCET. Namba ya usajili utakayopewa hapo iandike mahali salama, kwa sababu ndiyo utakayoulizwa wakati wa kuomba viza ya mwanafunzi. Nyota moja tumeikata kwa sababu ya fomu. Anza kwa kuchagua nchi. Ukiacha India ilivyojijaza, kisanduku cha msimbo wa posta kitadai tarakimu sita, na 80200 ya Malindi au 80500 ya Lamu itakataliwa kila mara. Pale panapotakiwa Aadhaar, namba ya kitambulisho ya India, mgeni hutumia namba ya pasipoti. Kwenye kundi la kijamii usijichagulie OBC (matabaka ya nyuma) wala EWS (wenye uchumi dhaifu) ukidhani ni punguzo la ada, kwani hayo ni makundi ya kisheria ya Wahindi. Namba ya kuthibitisha ikichelewa kwenye simu, itafute kwenye barua pepe, hata kwenye kapu la barua taka (spam).

India imetutangulia kwa saa mbili na nusu. Dirisha linalofungwa kwao saa 5:50 usiku, kwetu limefungwa saa 3:20. Anayengoja kufunga duka baada ya isha ndipo akajaze, atakuta pamefungwa.

Panapowaumiza watu wa pwani zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina Mohamed, cha KCSE kina Muhammad, pasipoti imeongeza jina la babu ambalo shuleni halikuandikwa, na binti aliyesajiliwa kwa jina la baba na babu anaulizwa jina la ukoo. Kwetu kila mtu anajua ni yule yule. Kwa karani wa India ni watu watatu. Fuata pasipoti herufi kwa herufi, hata kama imekosewa, kwa sababu viza itafuata pasipoti. Kisha pata hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani inayotaja namna zote jina lako lilivyoandikwa, na uipakie pamoja na vyeti. Jina la baba na la mama huulizwa karibu kila fomu, nayo yawe kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Halafu alama. Fomu zinataka asilimia, na vyeti vyetu vina madaraja. Masharti ya kawaida ya MCA ni asilimia 50 kwenye shahada, na hesabu iwe imesomwa sekondari au chuoni. Hesabu ya KCSE ni ya lazima kwa kila mtahiniwa wa 8-4-4, kwa hiyo hapo umepita. Kwenye shahada, daraja la pili la chini, ambalo huanzia 50, linatosha kwa vyuo vingi. Aliyepata "pass" ya 40 hadi 49 haponi, hata wakala aape vipi. Chukua transkripti, tafuta wastani wa masomo yote, na uombe chuo chako kikuandikie barua yenye muhuri inayotaja wastani huo. KCSE ina herufi tu: usijitungie asilimia. Na pale fomu inapouliza matokeo ya darasa la kumi, usiweke KCPE, ambayo ilikuwa ya darasa la nane. Andikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo, ujaze watakavyokuelekeza, na jibu lao ulihifadhi.

Mwenye uwezo mdogo aanze na ufadhili wa ICCR, baraza la serikali ya India la uhusiano wa kitamaduni. Maombi hupitia tovuti yao, ni bure, unachagua hadi vyuo vitano na kuandika insha ya Kiingereza ya maneno 500. Umri ni miaka 18 hadi 30. Insha ya kunakili ndiyo inayowaangusha wengi, na saiba zina insha moja inayozunguka kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Tukija kwenye huduma za mjini: saiba nzuri ya Malindi inapata tatu kwa tano. Kwa kuskani na kupunguza ukubwa wa picha hawana mpinzani, na hilo si dogo, maana fomu za NTA hutaka picha ya KB 10 hadi 200 na saini ndogo zaidi, na nyingi hurudishwa kwa sababu saini ilipigwa picha kwenye karatasi yenye mistari. Lakini usikubali fomu ijazwe kwa barua pepe ya saiba. Matokeo, barua ya kukubaliwa, kila kitu kitakwenda kwake. Kwa malipo, kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay ni bora kuliko kadi ya mtu mwingine. UPI, malipo ya simu ya India wanayoyatangaza kwenye tovuti za huko, inataka akaunti ya benki ya huko. Anayetoka Lamu asipande boti hadi Mokowe na basi la Witu na Garsen kwa ajili ya fomu tu. Aiskani nyumbani kwa simu, safari aihifadhi kwa vyeti halisi.

Wakala, mbili kwa tano. Ana faida moja: anajua chuo kipi kinajibu barua haraka. Lakini hulipwa kamisheni na vyuo binafsi, ndiyo maana orodha yake haina chuo cha serikali. Muulize maswali mawili: MCA yao ni ya miaka mingapi, na ni ya darasani au ya masafa? Tangu 2020 kozi hii ni ya miaka miwili kwenye vyuo vingi. Akikutajia mitatu, huenda karatasi zake ni za zamani. Ikiwa ni ya masafa, hakuna viza ya mwanafunzi hapo.

Ukishakubaliwa, chanjo ya homa ya manjano idungwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika India, na kadi uibebe mkononi, si kwenye sanduku. Asiye nayo akitokea Kenya anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Ukifika, una siku 14 za kujisajili FRRO, ofisi ya usajili wa wageni, na siku hizi hilo hufanywa mtandaoni, ukiwa na barua ya chuo na anwani ya bweni.