TAHADHARI: Muuzaji wa samaki wa maji chumvi "waliomaliza karantini", hakuna karantini hapo

Ndugu zangu mnaofuga samaki wa maji chumvi, kuna muuzaji anatangaza samaki "waliokaa karantini siku 30, wamepewa dawa, tayari kuingia tangi kuu." Bei yake iko juu kuliko ya wenzake, na sababu anayoitoa ni hiyo karantini. Nimenunua kwake kangaja na kitatange, nimewapima, na nawaambia wazi kwamba karantini hiyo haipo. Jina lake siliweki hapa. Kila malalamiko yakizidi anabadilisha jina la ukurasa, kwa hiyo jina la leo halitawasaidia kesho. Bora mjue anavyofanya, mumtambue yeye na wengine wa aina yake.

Chambo chake ni picha. Ukiuliza habari za karantini hakuelezi kitu, anakutumia picha ya tangi lenye maji maangavu, samaki wanaogelea, na tarehe imeandikwa chini. Ikuze hiyo picha uitazame vizuri. Kwenye niliyotumiwa mimi, kona ya chini kushoto kuna konokono amejibandika kwenye kioo, na nyuma ya jiwe zinatokeza sharubu nyekundu za kamba. Uongo umejianika hapo hapo. Dawa anayodai kutumia ni shaba, na shaba ikifika kiwango cha kuua vimelea vya samaki, konokono na kamba hawaponi. Tangi lenye konokono anayetambaa na kamba mzima haliwezi kuwa tangi la matibabu ya shaba. Isitoshe, ndani yake kulikuwa na mchanga na mawe ya matumbawe. Mawe hayo ni chokaa, na chokaa hufyonza shaba. Unaweka dozi asubuhi, ukipima baadaye imeshashuka.

Nilimuuliza: umetumia shaba ya aina gani, umepima kila baada ya muda gani, na kipimo kilisoma ngapi? Akajibu, "Bosi wangu, usijali, hii kazi tumeizoea." Nikarudia swali. Akanitumia picha nyingine.

Kwangu hakuna samaki anayeingia tangi kuu bila kupita karantini yangu mwenyewe, awe ametoka kwa nani, kwa hiyo hawa nao walipitia huko. Kabla sijawatoa mfukoni nilichota maji yao nikayapima. Alikuwa ameniambia chumvi iko sehemu 35 kwa elfu, sawa na bahari. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, ilisoma 24. Ungeamini maneno yake ukawamwaga samaki moja kwa moja kwenye maji ya 35, mwili wa samaki ungepoteza maji kwa kasi, na siku chache baadaye ungemwokota chini huku ukijilaumu bure. Samaki aliyezoea chumvi ndogo hupandishwa polepole, kwa siku kadhaa. Na asikudanganye mtu kwamba ile chumvi ndogo ndiyo tiba yenyewe. Ili ikomeshe ugonjwa wa vidoa vyeupe lazima ishuke chini ya 16 na ikae hapo wiki kadhaa bila kupanda. Chumvi ya 24 inampunguzia muuzaji gharama ya chumvi, kimelea haimwathiri.

Kisha nikapima shaba. Ilikuwamo, lakini chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Naomba hapa tuelewane vizuri, maana ndipo wengi wanapoingizwa mkenge. Shaba ya kawaida, ile ya salfeti, inatakiwa kukaa kati ya miligramu 0.15 na 0.25 kwa lita. Shaba iliyofungamanishwa na kemikali nyingine ili isidhuru samaki sana hutakiwa kuwa juu zaidi, nyingi ni takribani miligramu 1.5 hadi 2.5 kwa lita, kulingana na maelekezo ya chupa. Kwa hiyo chini ya 0.1 si tiba kwa aina yoyote ile. Kazi yake ni moja tu, kupunguza idadi ya vimelea ili samaki aonekane msafi siku unapomtazama. Samaki anaondoka dukani bado anao ugonjwa, anatoka kwenye ile shaba kidogo, anachoka na safari, anafika kwako kinga imeshuka, na ugonjwa unafumuka. Muuzaji anakuambia maji yako mabaya. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kwenye biashara hii kilio kinakuwa cha mnunuzi.

Kwangu haikumaliza wiki. Kangaja alianza kujikwaruza kwenye bomba la plastiki, halafu vidoa vyeupe vikatokea kwenye mapezi ya ubavuni, vidogo mfano wa punje za chumvi. Kitatange hakuwa na vidoa vingi, lakini aliacha kula, akawa anahema kwa kasi karibu na uso wa maji, maana kimelea kinapenda kujificha kwenye matamvua usikokiona. Huyo alikufa. Kangaja nimemtibu kwa shaba ya dozi kamili na sasa anakula vizuri. Nilipomwandikia muuzaji na kumtumia picha za vipimo, alinifungia.

Kimelea chenyewe kinaitwa Cryptocaryon irritans, na ukijua maisha yake utaona kwa nini "siku 30" za huyu bwana hazina maana. Hukaa kwenye mwili wa samaki siku 3 hadi 7, kisha huanguka, hujifungia kwenye ganda juu ya mchanga, jiwe au kioo, na humo huzaana. Maganda hayo hupasuka kwa nyakati tofauti, mengi kati ya siku 3 na 28, na imewahi kuonekana ganda likichukua hadi siku 72. Vichanga vinavyotoka vina siku moja au mbili tu za kupata samaki, vikikosa vinakufa. Shaba huua hivyo vichanga vinavyoogelea. Aliye mwilini mwa samaki na aliye ndani ya ganda haiwafikii, ndiyo maana dozi lazima iwe kamili mfululizo, siku hata siku, na wengi wetu tunakwenda siku 30 kamili. Sasa yeye anapokea samaki wapya na kuwaweka kwenye maji yale yale. Nina video yake mwenyewe inayoonyesha matangi yote yakirudisha maji kwenye kichujio kimoja. Kila mgeni anayeingia, hesabu inaanza upya kwa wote. Siku 30 za nani?

Anauza pia "kifurushi cha karantini", na hiki kinaniuma zaidi kwa sababu wanaokinunua ni wanaoanza, watu wenye nia nzuri kabisa. Ndani kuna tangi dogo, mfuko wa mchanga, mawe ya matumbawe, kichujio kikavu kipya na chupa ya shaba. Hakuna kipimo cha shaba. Hakuna kipimo cha amonia. Mchanga na mawe, kama nilivyosema, yanakula dawa na kuyapa maganda ya kimelea pa kujificha. Kichujio kikavu hakina bakteria wa kuvunja amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kwa hiyo amonia inapanda ndani ya siku chache na samaki anaungua matamvua. Na shaba bila kipimo ni hatari pande zote: ikipungua haitibu, ikizidi inaua. Mbaya zaidi, kwenye maelekezo yake anasema amonia ikipanda utie kiondoa amonia. Baadhi ya viondoa amonia vikikutana na baadhi ya aina za shaba huigeuza kuwa sumu kali kwa samaki. Soma chupa zote mbili kwanza, na kama hujui, badilisha maji.

Tangi la karantini halihitaji urembo. Kioo kitupu chini, vipande vya mabomba ya plastiki vya kujifichia, hita, pampu ya hewa na kifuniko, maana kangaja aliyeshtuka anaruka. Kichujio cha sponji ukiweke kwenye tangi kuu wiki kadhaa kabla samaki hajaja, kikomae bakteria huko, kisha ukihamishe. Ndoo, neti na mipira ya kubadilishia maji iwe ya karantini peke yake. Mengine ni kupima na kutazama, asubuhi na jioni.

Ana chupa nyingine pia, "dawa ya asili" ya vidoa vyeupe, eti unaimimina tangi kuu na matumbawe hayadhuriki. Msiinunue. Vidoa vitapotea kweli, kwa sababu kimelea huwa kinaanguka chenyewe kila baada ya siku chache, utadhani dawa imefanya kazi. Vitarudi vingi zaidi.

Mtu akikuuzia samaki kwa bei ya karantini, mwombe rekodi ya vipimo vya shaba na tarehe zake, video ya tangi lenyewe ikichukuliwa muda huo huo, na samaki akila mbele yako. Anayefanya kazi hiyo kweli atakupa kwa furaha, tena atakuchosha kwa maelezo. Hata hivyo, karantini ya kwako ipo palepale.

Na kama umeshanunua kwake na samaki wako tayari tangi kuu, usitie shaba humo, utaua matumbawe, kamba na konokono wote. Toa samaki wote, hata wasio na vidoa, uwatibie kwenye tangi la pembeni. Tangi kuu libaki bila samaki hata mmoja, huku matumbawe yako yakiendelea na taa na mzunguko kama kawaida. Wengi wetu tunaacha siku 76, kupita zile 72 za ganda lililochelewa. Samaki akihema kwa kasi, anaogelea dhidi ya mkondo wa pampu na mwili umefunikwa na vumbi laini la dhahabu, huyo ana velveti, ugonjwa wa kimelea kingine kiitwacho Amyloodinium, na huo huua ndani ya siku chache. Mhamishe na uanze shaba leo.