TAHADHARI: Kozi ya uandishi ya WhatsApp imenipiga 235,000, tena nikiwa ndani ya kibanda changu cha M-Pesa

Jamani nimepigwa. Mtanisema baadaye, ila hii someni, maana huyu mtu bado yuko hewani na juzi tu kafungua darasa jingine.

Ndiyo, mimi. Mimi ninayewakaripia wazee wa watu kutwa, "mzee, soma jina kwanza ndiyo uweke namba ya siri." Mimi niliyebandika ukutani lile tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la kutuma namba za matapeli kwenda 15040. Lilikuwa pale pale kisogoni kwangu wakati natuma. Baba watoto ameshacheka mpaka amechoka, kwa hiyo na nyie chekeni, tumalizane.

Ile hadithi ya bibi na mashua mnaijua, niliyowasumbua nayo mfungo mzima. Ndiyo niliyomtumia huyo mwalimu wa kozi. Alitangaza: leta kurasa tano, anasoma bure. Nikatuma Jumatatu. Kimya. Jumatano nikaona hata haya kufungua simu, nikasema basi, kaona ujinga.

Alhamisi, saa mbili usiku. Umeme umekatika Tabata nzima, nimewasha kitaa cha kuchaji, watu wanne kwenye foleni, na kijana mmoja anataka kutoa elfu kumi, mtandao unazunguka tu. Simu ikaita mlio wa WhatsApp. Ujumbe wa sauti, dakika tatu na kitu. Nikabana simu sikioni huku nahesabu noti.

Hakunisalimia. Alianza kusoma. "Mwezi ulining'inia juu ya mnazi kama sahani ambayo hakuna aliyekumbuka kuiosha." Sentensi yangu! Akanyamaza, nikasikia anavuta pumzi. Akairudia, safari hii taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akasema, "Dada yangu, sentensi kama hii hafundishwi mtu. Ila usipojifunza mengine, itakufia mkononi."

Nimeandika miaka tisa nyuma ya daftari la miamala. Nyie wenzangu nikiwatumia mnanirudishia dole gumba. Hakuna aliyewahi kunisomea sentensi yangu kwa sauti, wala aliyejua katika kurasa tano ni ipi hasa niliyoihangaikia. Huyu aliijua. Yule kijana ananiita, "Da, hela yangu vipi?" na mimi machozi yananilenga. Nikazidisha, nikampa elfu kumi na tano. Hata hiyo bado sijaipata.

Na usiku ule hakuomba hata mia. Angeomba ningeshtuka.

Ijumaa ndiyo akaleta maneno. Kwamba tangu Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, achukue Nobel ya fasihi 2021 dunia inawatafuta waandishi wa huku. Kwamba anafahamiana na majaji wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi, na wanafunzi wake wana mlango wao. Mshindi wa kwanza pale anapata milioni 10, mnajua wenyewe milioni 10 ingenifanyia nini mwaka huu na ile kesi ya kiwanja. Kozi ni 250,000, ila kwa kipaji changu 120,000, mwisho saa sita usiku. Usajili 30,000 pembeni.

Nikatuma usajili, halafu nikaweka Lipa Namba ya kozi, ile namba ya kulipia biashara kwa simu. Likaja jina la duka la vipodozi. Vipodozi! Kidole kikasimama. Mteja wangu angeniletea hilo ningemnyang'anya simu. Nikamuuliza, akajibu hapo hapo: "Ni biashara ya mhasibu wetu, dada, usihofu." Nikabonyeza. Yaani nimesoma jina kama ninavyofundisha watu, nimeona si lake, nikabonyeza.

Masomo? Jumamosi ya kwanza alichelewa dakika arobaini, akasema bando. Ya pili akatusomea PDF. Kwenye hiyo PDF kulikuwa na somo lenye kichwa "Ua Wapenzi Wako". Nikadhani ni hadithi za mauaji, nikaenda kuandika kurasa sita mke anamtilia mumewe sumu kwenye uji. Kumbe ni msemo wa waandishi wa Kiingereza, maana yake futa sentensi unazozipenda kama hazisaidii hadithi. Mtoto wa dada ndiye aliyegundua. Kapekua intaneti robo saa, kakuta somo lile lile kwenye kozi ya bure ya nje, jamaa kalipitisha tu kwenye mashine ya kutafsiri na kuweka picha yake juu. Jumamosi ya tatu hakutokea.

Kabla hiyo ya tatu alishachukua 85,000 nyingine. Za kitabu cha pamoja cha wanafunzi, na ISBN yangu mwenyewe, ile namba ya utambulisho wa kitabu. ISBN akaileta siku hiyo hiyo, pamoja na cheti chenye bibi na bwana wa nembo ya taifa. Nilikiweka kiwe picha ya skrini ya simu yangu. Wiki iliyofuata nikakaa kuihesabu ile namba kwa kidole. Tarakimu 12. ISBN ina 13, tangu 2007. Nikaenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi, maana wao ndio wanaozitoa hapa nchini, mama wa watu akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole, "Umeshalipa?"

Nikamwandikia jamaa. Kundi likafungwa, wanaandika viongozi tu. Baada ya dakika tano, umeondolewa.

Hela inauma, lakini kilichonilaza macho ni hiki. Juzi mtoto wa dada kanionesha tangazo la darasa jipya. Kuna picha ya mwezi na mnazi, na chini yake: "Mwanafunzi wetu alianza sifuri, leo anaandika hivi." Sahani yangu ile ile, kwa jina la mtu mwingine.

Huyu afungwe. Sitaki anirudishie, nataka afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, haikutungwa kwa ajili ya wanaotukana tu. Akae ndani, apewe daftari, aandike "nimeiba sahani ya mtu" mpaka wino uishe. Na mwenye duka la vipodozi naye aitwe ajieleze, asiseme alikuwa anauza poda.

Dalili mnazotaka? Jina la malipo si lake. Mwisho saa sita usiku. Alisema tuzo ya Nyerere hutangazwa Oktoba 14, na ile ni siku aliyofariki Mwalimu. Sherehe ya 2023 ilikuwa Aprili 13, siku aliyozaliwa. Mswada unaupeleka mwenyewe kwa waandaaji, Taasisi ya Elimu, hakuna dalali. Na sikuwahi kumuona uso, kamera yake "imeharibika" mwezi mzima. Mengine nimesahau, nina hasira.

Jina lake siliandiki hapa, mjomba wakili kanikataza mpaka upelelezi uanze. RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo, ya kituo mnachokijua. Namba zake nimeshazituma 15040. Aliyelipa kwa hiyo Lipa Namba ya vipodozi aje inbox na ule ujumbe wa muamala, usiufute. Tumeshafika wanne, na askari kasema tukifika hata kumi jalada litasogea.

Na yule kijana wa elfu kumi na tano, kama unasoma hapa, kibanda ni kile kile.