Spesa ya pampu ya pumu: naitumia kwa binti yangu hapa Uyole

Wazazi wenzangu mnaolea watoto wenye pumu, kabla hujanunua pampu nyingine, tafuta spesa. Ni kile kichupa cha plastiki chenye barakoa ndogo mbele. Pampu unaichomeka nyuma. Yangu nilinunua duka la dawa Mwanjelwa, bei ikazidi ya pampu yenyewe, lakini sijutii hata shilingi moja.

Binti yangu ana miaka mitatu. Mtoto wa umri huo hawezi kuvuta pumzi palepale unapobonyeza pampu, kwa hiyo dawa nyingi inaishia mdomoni na kooni. Kwenye spesa dawa inabaki ndani, naye anaivuta kwa pumzi zake za kawaida. Tikisa pampu, mbandike barakoa ifunike pua na mdomo bila kuacha upenyo, bonyeza mara moja tu, kisha tazama vali, kile kiulimi kinachofunguka na kufunga mtoto anapopumua: ikicheza mara tano au sita, dawa imeingia. Ukitaka kubonyeza tena, tikisa upya. Hiyo vali ndiyo naipenda kuliko vyote. Usiku wa manane, kifua cha mtoto kinapiga filimbi, unaona kwa macho yako kwamba anavuta.

Na tunaihitaji zaidi sasa. Mbeya yetu Juni na Julai baridi inatufungia ndani na jiko la mkaa, na moshi ule kwa mtoto wa pumu ni balaa. Halafu linakuja vumbi, pamoja na moshi wa mashamba yanayochomwa. Zamani mvua za Novemba zilivituliza. Siku hizi mvua haiaminiki. Ikichelewa, vumbi halikatiki na watoto wanazidi kubanwa.

Kasoro ipo. Karatasi ya maelezo haina neno hata moja la Kiswahili, na muuzaji alinikabidhi mfuko bila kunionyesha chochote. Aliyenifundisha ni nesi wa kliniki. Kuosha ni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ila kufuta akanikataza: “Dada, iache ikauke yenyewe. Ukiisugua na kitambaa, dawa itanasa kwenye plastiki badala ya kumfikia mtoto.”

Kama bei imekushinda na mwanao amevuka miaka mitano, usikate tamaa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha pampu na kuzibwa vizuri pembeni, iliwafungua watoto kifua sawa na spesa ya dukani. Kati ya vifaa walivyojaribu, kikombe ndicho kilichofanya vibaya kuliko vyote, kwa hiyo usihangaike nacho. Mwombe nesi akuonyeshe namna ya kuitoboa.

Ila mbavu zikiwa zinaingia ndani anapovuta, au midomo ikibadilika rangi, mkimbize hospitali, na ile pampu ya bluu, ya kufungua kifua haraka, uendelee kumpa njiani. Spesa inaenea kwenye mkoba. Yangu haitoki humo.