Epson V39 kwa picha za zamani za Nachingwea: skana ya kubeba, mradi ujue inapokwama

Kwa anayezunguka nyumba kwa nyumba Nachingwea, kusini mwa Tanzania, akiomba kunakili picha za zamani, Epson Perfection V39 ndiyo skana ya kubeba. Haitoi picha nzuri kuliko zote, zipo zinazoishinda, na moja itatajwa mbele. Ubora wake ni kwamba haina adapta ya umeme. Inachomekwa kwenye laptopu kwa waya mmoja wa USB, na waya huohuo ndio unaoilisha. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa kuwa picha za aina hii hazitoki nyumbani. Bibi mwenye picha ya marehemu mumewe kando ya trekta la mradi hatakupa uende nayo mjini "ukaisafishe", na ana haki. Wangapi walitoa picha zao kwa maneno hayohayo wakabaki wanasubiri? Basi skana ndiyo iifuate picha: barazani, chini ya mkorosho, au kwenye ofisi ya kijiji ambako soketi ipo na umeme haupo.

Ili kuipima mashine hii kwa haki, kwanza ujue itakutana na nini. Nachingwea ni mji uliokuzwa na mradi mmoja, kama miji ya migodi inavyokua, ila hapa kilichofuatwa kilikuwa karanga. Mradi wa Waingereza ulianza 1947, ukiwa na maeneo matatu: Kongwa, Urambo na huku Kusini. Kwa ajili yake ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuja Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na mapema miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Baadaye wakaja wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, wakawa na kambi yao hapa hadi Msumbiji ilipojitawala Juni 1975. Picha zilizobaki majumbani ni za tabaka hizo, pamoja na za maisha ya kawaida yaliyofuata, na kila tabaka huisumbua skana kwa namna yake.

Za mwanzo ni nyeusi na nyeupe, ndogondogo, nyingine za sentimita 6 kwa 9 tu, kwenye karatasi nene isiyo na plastiki. Karatasi hiyo hujikunja kuelekea upande wa picha, na hapo ndipo udhaifu mkubwa wa V39 unapojitokeza. Sensa yake ni ya aina ya CIS, inayokaa karibu kabisa na kioo na kuona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Kona ikiinuka milimita mbili, uso wa mtu aliyesimama pembeni unakuwa moshi. Kishawishi ni kubana kwa mfuniko na kiganja. Usifanye hivyo: tabaka la picha limekauka, litapasuka mistari midogo ambayo haizibiki tena. Weka picha katikati ya karatasi mbili nyeupe safi, juu yake vitabu vizito, siku mbili au tatu, kisha urudi. Mwenye picha akiona hivyo, naye anaanza kukuamini.

Picha za umri huo mara nyingi zina mng'ao wa fedha kwenye sehemu nyeusi, kama mafuta juu ya maji. Taa ya skana inapogonga pale, weusi hugeuka kijivu cha samawati. Igeuze picha nyuzi 90 kwenye kioo na uskani tena. Mara nyingi upande mmoja hutoa nafuu, nawe uizungushe baadaye kwenye kompyuta.

Sasa namba, maana hapa ndipo watu hudanganyika. Boksi limeandikwa dpi 4800, yaani nukta 4,800 kwa kila inchi. Usizitumie. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa dpi 600 inatoa nukta 2,400 kwa 3,600, na faili la rangi la TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, huwa na takribani MB 26. Ukipanda hadi 1200 faili linakuwa MB 104. Ukiweka 4800 unapata zaidi ya GB 1.6 kwa picha moja, laptopu inaganda, mwenye nyumba ameshachemsha chai ya pili, na hakuna kilichoongezeka isipokuwa chembe za karatasi. Picha iliyochapwa haina siri nyingi zaidi ya dpi 600. Iongeze hadi 1200 kwa zile ndogo tu: za pasipoti, za vitambulisho, na zile za 6 kwa 9 zenye kundi la watu. Kwa dpi 600 picha 200 za inchi 4 kwa 6 zinachukua kama GB 5 upande wa mbele peke yake, kiasi ambacho flashi ya kawaida inabeba.

Skani kila kitu kwa rangi, biti 24, hata picha nyeusi na nyeupe. Wino wa peni, doa la chai na umanjano wa karatasi ni ushahidi, na ukichagua kijivu umevifuta. Kwenye programu ya Epson Scan 2 zima vitu vitatu: kunoa kingo, kuondoa vumbi na kurudisha rangi. Cha kwanza huwachora watu mstari mweupe pembezoni. Cha pili, kwenye picha za zamani, hudhani chunjua na macho ya mbali ni vumbi. Cha tatu kimetengenezwa kwa picha za rangi zilizopauka, nazo hapa ni nyingi, hasa za miaka ya 1970 zilizogeuka nyekundu kwa sababu samawati yake ndiyo iliyokufa kwanza. Kitufe hicho huzirudisha, lakini huzidisha, na ngozi za watu zinatoka kama za wagonjwa wa manjano. Hifadhi asili kama ilivyo, urekebishe nakala. Kitufe cha kuondoa nukta za uchapaji kiwashe kwa vipande vya magazeti peke yake. Usipokiwasha, gazeti litatoka na mawimbi kama ya chandarua kilichokunjwa mara mbili.

Picha zilizomo kwenye fremu ndizo V39 isizoziweza. Zile kubwa za ukutani, za harusi au za wahitimu wa chuo cha ualimu, zimekaa nyuma ya kioo cha milimita mbili au tatu, na hiyo peke yake inatosha kuzitoa nje ya macho ya sensa. Hatari zaidi ni kuzitoa. Unyevu wa masika ya huku huilainisha picha, inanasa kwenye kioo, na ukivuta uso unabaki kwenye kioo na karatasi mkononi. Ukiona sehemu inayong'aa kama imelowa, acha. Ipige kwa simu au kamera: fremu imelazwa kivulini, mwanga ukitoka pande mbili kwa nyuzi 45, mpigaji akiwa amevaa nguo nyeusi au amejifunika kitenge cheusi ili asijione kwenye kioo.

Negativu nazo haiziwezi kabisa, kwa kuwa haina taa kwenye mfuniko. Kuna wanaojaribu kuwasha simu juu ya filamu. Kinachotoka ni mistari. Kwa kazi hiyo ipo ndugu yake mkubwa, Epson Perfection V600: ina taa ya filamu, sensa ya CCD inayoona hata kitu kilichoinuka kidogo, na dpi 6400. Lakini ina uzito wa kilo nne na ushei, inataka umeme wa ukutani, na bei yake ni zaidi ya mara mbili. Hiyo si ya bodaboda. Iweke mahali pamoja Nachingwea au Masasi mjini, upeleke huko makopo ya negativu za studio zilizofungwa, ambazo wenyewe huwa tayari kuziachia kuliko picha. Filamu ya milimita 35 itoshe kwa dpi 2400 hadi 3200. Usitegemee kile kifutio chake cha vumbi kwa filamu nyeusi na nyeupe: kinatumia mwanga wa infraredi, na fedha iliyomo kwenye filamu hiyo huuzuia, kikafuta hata visivyopaswa kufutwa. Hapo ni pampu ya mpira ya mkononi na subira.

Albamu za gundi za miaka ya 1980 na 1990, zile zenye karatasi ya plastiki ya kufunua, zina dawa yake. Chukua uzi wa kusafishia meno, usio na dawa, upitishe nyuma ya picha kwa kuuvuta kushoto na kulia taratibu. Ukikwama nusu, usilazimishe. Ondoa mfuniko wa V39, ambao hutoka wote, ulaze ukurasa mzima wa albamu kwenye kioo. Hapa mashine hii inastahili sifa.

Vumbi jekundu la kiangazi ndilo adui wa kila siku. Ni mchanga, si vumbi la nyumbani, nao ukisuguliwa hukwaruza kioo, na mkwaruzo mmoja utaonekana kwenye kila picha itakayofuata. Pulizia kwanza kwa pampu, ndipo ufute kwa kitambaa laini cha miwani. Usimwage spiriti juu ya kioo, itapenya kingoni na kuacha ukungu kwa ndani. Kwenye pikipiki skana ikae bapa mgongoni, kwenye begi lenye sponji pande zote mbili. Waya wa USB uwe mfupi, uchomekwe moja kwa moja kwenye laptopu. Bandari ya USB 2.0 hutoa wati 2.5 tu, na ukipitia kigawanyio au waya mrefu wa dukani umeme unapungua, kichwa kinasimama katikati ya picha na watu wanadhani mashine imekufa.

Mpangilio wa kazi ni huu, na ndio unaofanya picha 15 hadi 20 kwa saa badala ya kumi. Mbele ya picha, kisha nyuma, bila kuruka hata moja. Nyuma ndiko kwenye muhuri wa studio, namba ya negativu na maneno kama "kwa kaka yangu, nikumbuke". Majina ya mafaili yawe namba moja yenye herufi: NCH-0041a mbele, NCH-0041b nyuma. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la mwenye picha. Usiandike kwa peni juu ya picha. Penseli laini nyuma, pembeni, bila kukandamiza.

Kisha kuza picha kwenye skrini, hapo ndipo dpi 600 zinapolipa. Jina la khanga linasomeka. Waulize akina mama, si wazee wa kiume: wao ndio wanaokumbuka khanga ile ilitoka lini na nani alinunuliwa. Kibao chenye neno Tanganyika kwa kawaida ni cha kabla ya mwisho wa 1964. Chenye CCM hakiwezi kuwa kabla ya Februari 5, 1977, siku chama hicho kilipozaliwa. Magari, sare na paa za bati nazo zisomwe. Maswali manne yatosha: ni nani, ni wapi, ilikuwa shughuli gani, na nani alipiga. La mwisho husahaulika, nalo ndilo linalokupeleka kwenye kopo la negativu. Mzee akianza kuhadithia, rekodi kwa simu, useme kwanza namba ya faili kwa sauti.

Kuna picha zisizopaswa kusambaa. Za jando na unyago zinaskaniwa kama mwenyewe atataka, zinawekwa kwenye folda yake, na hazionyeshwi mbele ya watu wasiohusika. Za watu walioachana, uliza kabla hujaziweka hadharani. Za miaka ya kambi zenye sura za wageni, waachie wazee waamue.

Malipo ya mwenye picha ni nakala, na iwe ya siku ileile. Ukimtumia mjukuu wake kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwa kuwa ikitumwa kama picha inabanwa na majina ya khanga yanapotea. Kwa bibi mwenyewe chapisha ya karatasi. TIFF zote zikae sehemu tatu: laptopu, diski ya nje, na diski nyingine iliyoko mji tofauti, Mtwara au Lindi. Skana nayo isilale kwenye begi lililofungwa wakati wa masika, maana ukungu huota chini ya kioo na V39 haijatengenezwa ya kufunguliwa. Iache mezani, imefunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa.