Linux Mint Xfce kwenye laptopu kuukuu: fundi alinivunja moyo, Wi-Fi nayo ikanigomea

Bado nina hasira, mtanisamehe. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Windows 10 ilisitishiwa masasisho ya kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 haiitaki kwa kuwa haina TPM 2.0, kile kichipu cha usalama inachokidai. Nikaipeleka kwa fundi mmoja pale Mlandege. Hata kuifunua hakuifunua! Aliisukuma kwa mgongo wa mkono hadi ukingoni mwa meza, akasema, "Bi mkubwa, hii kawauzie wa vyuma chakavu. Au nikutilie Windows ya kuchakachua." Nikamuuliza, na Linux je, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows? Akamtazama mwenzake, wakacheka. "Hiyo ya wataalamu, wewe utaiwezea wapi?" Mimi mwalimu wa skuli, watu wananikabidhi watoto wao, leo naambiwa siwezi kujifunza kitu!

Kijana wa jirani, Mungu ambariki, akanitilia aina mbili za Linux: Lubuntu kwenye flashi moja, na Mint yenye sura nyepesi iitwayo Xfce kwenye nyingine. Zote unazijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Lubuntu ni nyepesi zaidi, ila Mint niliielewa papo hapo: menyu iko chini kushoto, pale pale mkono uliposhazoea.

Nikaiweka Mint. Sasa Wi-Fi. Nabonyeza alama yake, orodha tupu. Simu iko pembeni, inaishika Wi-Fi ya nyumbani vizuri kabisa. Laptopu haioni chochote. Nazima, nawasha, hakuna. Usiku ule ningeandika hapa kwamba Linux ni kupotezeana wakati, na kicheko cha yule fundi kilikuwa kinanirudia masikioni. Kumbe baadhi ya watengenezaji wa kadi za Wi-Fi hawatoi huria draiva zao, yaani programu zinazoziendesha kadi hizo, basi kadi haiamki mpaka uitafutie draiva yake. Dawa yake: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, kompyuta itaiona kama mtandao wa waya. Fungua sehemu ya draiva, chagua inayopendekezwa, washa upya. Mitandao ya mtaa mzima ikajipanga!

Kwa hiyo kwa mgeni asiye na mtu wa kumwelekeza, siipendekezi. Hapana, naipendekeza, lakini jaribu Wi-Fi kabla hujafuta Windows. Mwenye RAM ya GB 2 aende Lubuntu, na hata huko asifungue kurasa nyingi za Firefox kwa pamoja, kivinjari ndicho kinachomaliza RAM. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua mitihani yangu ya Word, ingawa majedwali mengine yanahama mahali. Hilo linaniudhi, lakini navumilia, maana Mint 22 ina masasisho hadi 2029 na sikulipa hata shilingi.

Printa ya skuli bado sijaijaribu. Duka lile la Mlandege silipi hata nyota moja.