OpenSSH kwa skripti za seva: uzoefu wangu

Mimi niko Dar es Salaam, seva ninazozisimamia ziko Frankfurt, na kazi ni zilezile: kuangalia diski, kuwasha upya huduma, kuchukua nakala za hifadhidata. Zote nazifanya kwa OpenSSH, programu ya bure ya kutuma amri kwa usalama kwenye kompyuta ya mbali, ambayo Linux na Mac zinakuja nayo, na hata Windows 10 inayo siku hizi.

Raha yake ni kwamba hulazimiki kuingia kwenye seva na kukaa humo. Unaandika ssh seva1 'df -h /', jibu linakuja kwenye skrini yako, basi. Skripti ikiwa ndefu, huna haja ya kuinakili kwanza: ssh seva1 'bash -s' < kagua.sh, faili linabaki kwako, kazi inafanyika kule. Namba ya matokeo nayo inarudi vilevile, 0 kama amri imefaulu. Ukiona 255, kwa kawaida muunganisho wenyewe ndio uliokwama.

Kilichoniteka hasa ni ControlMaster, mpangilio unaoruhusu amri nyingi kupita kwenye muunganisho mmoja. Kwa umbali huu, kila muunganisho mpya unachelewa kidogo huku mashine zikibadilishana funguo na kuthibitishana, na skripti yenye amri kumi inachelewa mara kumi. Niliweka ControlMaster auto, ControlPath na ControlPersist 10m kwenye ~/.ssh/config, sasa ya kwanza tu ndiyo inayosubiri, nyingine zinapita njia iliyokwisha kufunguka.

Lawama ninazo. Ukiiweka ssh ndani ya while read, yaani lupu inayosoma orodha ya seva mstari kwa mstari, seva ya kwanza inahudumiwa, zilizobaki zinarukwa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa! Ni kwa sababu ssh inaimeza orodha ambayo lupu ilikuwa bado inaisoma. Dawa ni -n, inayoizuia ssh kusoma orodha hiyo, ila usiitie kwenye ile ya bash -s, maana pale skripti inapitia mlango huohuo. Halafu kuna alama za nukuu: ukitumia za jozi (" "), $HOSTNAME inajazwa kwenye kompyuta yako kabla amri haijaondoka. Ripoti ikikuambia seva zote zina jina la laptop yako, anzia hapo.

Kwenye cron, inayoendesha kazi zenyewe kwa ratiba, weka BatchMode=yes, isije ikabaki inasubiri nenosiri usiku kucha. Ufunguo wa skripti nauweka peke yake, na kule kwenye authorized_keys, faili la seva lenye funguo zinazoruhusiwa kuingia, unatanguliwa na command= inayotaja amri moja tu, ili hata ukiibwa usifanye zaidi ya kuchukua nakala. Wanaoshauri StrictHostKeyChecking=no, yaani kutokagua ufunguo wa seva, siwaelewi kabisa. Tatu Ylönen aliitengeneza SSH mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake kule Finland. Sasa unazimaje ukaguzi unaokuhakikishia unaongea na seva yako? Tumia accept-new: seva mpya inapokelewa, ila iliyobadilisha ufunguo inakataliwa.

Seva zikiwa nyingi, au mkiwa timu, hamieni Ansible, zana ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja, ambayo kwa Linux nayo hupitia ssh hiihii. Zangu ni chache, sijaona sababu ya kuhama.