Kipimo cha vinasaba Moshi: jibu tumepata, ila hela imetoka mara mbili

Nawapa nyota 4. Ni wakala mmoja hapa Moshi mjini, wanachukua mate wanayatuma maabara ya nje.

Mwanangu anakohoa makohozi tangu azaliwe, yaani kazaliwa miezi imetimia vizuri tu lakini siku hiyohiyo akawekwa oksijeni, mafua hayaishi, masikio yanatoa usaha, tukatumia dawa za pumu weee, baadaye tukaanzishiwa za TB nazo hola. Mpaka siku eksirei inaonyesha moyo uko kulia, jamaa wa picha akadhani kageuza filamu akapiga upya. Ndo daktari wa watoto akasema kuna ugonjwa wa kurithi wa vile vijinywele vinavyofagia makohozi kwenye njia ya hewa, visipocheza vizuri uchafu unaganda humo humo, na karibu nusu ya wenye nao viungo vya ndani vimekaa upande wa pili. Jeni zinazoweza kuuleta zinazojulikana ni zaidi ya 50 kwa hiyo wanazipima kwa mpigo.

Kutoa mate sio mchezo. Mtoto asile wala asinywe nusu saa, halafu ateme mpaka kwenye mstari wa kichupa, na povu halihesabiki! Sasa huyu pua imeziba, anahemea mdomo, mdomo mkavu kutwa. Dada wa pale akakata ndimu akamnusisha, mate yakaja yenyewe. Huyo dada apandishwe mshahara.

Bei wanataja kwa dola, jiandae, hapo ng'ombe wa maziwa kaondoka.

Majibu yakaja na jeni inaitwa DNAH5, hitilafu mbili, moja inajulikana inaleta ugonjwa, nyingine wameandika haijaeleweka. Hapo ndo nilichukia. Kwa jeni hii mtoto anaugua nakala zote mbili zikiwa mbovu, ya baba na ya mama, kwa hiyo lazima wazazi nao wapimwe ijulikane kila mmoja katoa yake au zote mbili zimetoka upande mmoja. Na hilo walilijua toka mwanzo, si wangetutemesha wote watatu siku ileile? Tukalipa tena. Ikaonekana moja yangu, moja ya baba yake, na sisi wenyewe wazima wa afya (mama mkwe aliyekuwa anasema mkosi uko kwetu tu sasa hivi kimya), daktari akaunganisha na dalili akasema basi ni yenyewe.

Mtaalamu aliyetuelezea kwa simu yuko vizuri, Kiswahili kimenyooka, akatuambia kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Dawa ya kuponya kabisa hakuna, ila za pumu tumeacha, sasa ni mazoezi ya kutoa makohozi kila siku, antibayotiki mapema kifua kikichafuka, na masikio yanaangaliwa.

Ukienda, kabla hujatoa hata mia ulizia bei ya mtoto na wazazi wote wawili kwa pamoja, wakikwambia wazazi baadaye kama itahitajika, kataa.